Chachu Inalinda Jani, au Jani Linajilinda?

Chukua jani lililokaa nje siku nyingi, libandike kwa vaselini kidogo ndani ya kifuniko cha sahani ya maabara, kisha ufunike juu ya agari, jeli ya kuoteshea vijidudu, na uliache. Jani linaning'inia juu, chakula kiko chini, na hakuna kinachogusana. Siku chache baadaye utakuta agari imechorwa jani lile lile kwa rangi ya waridi: ukingo wake, mshipa wa katikati, hata tundu lililotobolewa na mdudu. Mchoraji ni chachu, yaani kuvu wa seli moja, ya jenasi Sporobolomyces. Seli yake huotesha kijimbegu kwenye ncha ya kijiti chembamba. Tone la maji hukua kwenye kitako cha kijimbegu hicho, na likikutana na utando wa maji ulio ubavuni huungana nao ghafla, na nguvu ya kuungana huko hukirusha kijimbegu hewani. Kwa kuwa jani limegeuzwa chini, vijimbegu hudondoka moja kwa moja, ndiyo maana picha hutoka safi namna ile.

Chachu hizi zilikuwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kuwafanya watafiti walitazame jani kama makazi. Mwaka 1955 F. T. Last aliandika jinsi wingi wa Sporobolomyces kwenye majani ya nafaka unavyopanda na kushuka kwa majira. Mwaka uliofuata Jakoba Ruinen, aliyefanya uchunguzi wake Indonesia, aliandika kuhusu bakteria wa jenasi Beijerinckia wanaoishi juu ya majani. Kutokana na kazi za wawili hao, uso wa jani na wakazi wake ukapata jina lake la kisayansi, filosfea. Halafu chachu zikawekwa kando. Bakteria ni wengi zaidi, kwani sentimita moja ya mraba ya jani inaweza kubeba kati ya milioni 1 na milioni 10. Isitoshe, njia iliyokuja kutumika zaidi kuhesabu vijidudu kwa jeni zao inasoma jeni ambayo bakteria wanayo na chachu haina. Ukitafuta kwa kurunzi inayomulika upande mmoja tu, usishangae kuona upande huo tu.

Sasa zimerudi, na safari hii zimekuja na biashara. Kuna chupa na mifuko ya chachu za kunyunyizia matunda, maua na majani, na karibu kila maelezo yana sentensi ileile: chachu hii hulinda mmea. Sina shaka kwamba baadhi yake hulinda kweli. Ugomvi wangu ni na kitenzi chenyewe kinavyotumika bila kuulizwa. Chachu inaweza kumnyima chakula adui wa jani, inaweza kumshambulia adui huyo, na inaweza isimfanye lolote, ikaligutusha jani tu na jani likapigana lenyewe. Kwa mtu anayetazama kutoka mbali matokeo ni yale yale, jani limepona. Kwa mkulima, kwa mzalishaji wa mbegu na kwa mtafiti, hizo ni habari tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko kunakofanya bidhaa moja isifiwe msimu huu na kulaaniwa msimu ujao.

Tuanze na njaa, kwa sababu juu ya jani njaa ndiyo hali ya kawaida. Jani limepakwa nta, linakauka mchana na kulowa usiku, na linapigwa na mionzi ya urujuanimno saa nyingi. Rangi ya waridi ya chachu nyingi za majani inatokana na karotenoidi, ambazo husaidia kuzikinga na mionzi hiyo. Sukari inayovuja kutoka ndani ya jani ni kidogo na haijasambaa sawasawa. Mwaka 2001 Johan Leveau na Steven Lindow waliwapa bakteria jeni inayowafanya wang'ae kijani wanapokula fruktosi, wakawaweka juu ya majani, kisha wakawatazama mmoja mmoja kwa hadubini. Mwanzoni karibu wote walikuwa wanakula. Baada ya muda mfupi wengi walikuwa wamezimika, na wachache waliobaki wanang'aa walikuwa wamebahatika kutua penye kisima cha sukari.

Katika hali hiyo, anayefika kwanza na kula kwanza ana nguvu kubwa bila kumgusa mtu. Katika miaka ya 1970 Nyckle Fokkema wa Uholanzi alilionyesha jambo hili kwa chavua. Chavua ikidondoka juu ya jani la nafaka huwa lishe kwa kuvu wa ugonjwa, na kuvu huyo hupata nguvu ya kuota na kupenya. Wakazi wa kawaida wa jani, chachu zikiwemo, wakiwahi kuila chavua ile, maambukizi hupungua. Umande mtamu wanaoutoa vidukari una habari hiyohiyo. Chachu nyingine, Metschnikowia pulcherrima, hushindania kitu kingine: hutoa dutu inayokamata madini ya chuma na kugeuka rangi nyekundu ya maruni, na majirani zake hubaki bila chuma cha kutosha kukua.

Mfano maarufu zaidi wa kuwahi nafasi hauhusu chachu, lakini siwezi kuuruka. Baadhi ya bakteria wa spishi Pseudomonas syringae wana protini inayofanya maji juu ya jani yagande kwenye nyuzijoto ambazo bila wao yangebaki maji, na barafu ile huua mmea. Lindow na wenzake wakawatengeneza ndugu zao wasio na protini hiyo, kwa wazo la kuwatanguliza juu ya jani ili wenye barafu wakute pamejaa. Mwaka 1987 bakteria hao walinyunyiziwa shamba la stroberi California, na ikawa mara ya kwanza kiumbe kilichobadilishwa jeni maabara kuachiwa nje kwa kibali. Wapinzani waliingia na kung'oa baadhi ya miche. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba somo lenyewe la baiolojia likapotea humo, nalo ni kwamba nafasi juu ya jani hujaa, na anayeikalia ana uzito bila kumwamsha mwenye jani hata kidogo.

Mwenye jani naye ana macho. Kila seli ya mmea ina vipokezi juu ya utando wake vinavyotambua vipande vya miili ya vijidudu. Kinachojulikana zaidi, FLS2, hushika kipande cha asidiamino 22 kutoka kwenye mkia ambao bakteria huogelea nao. Kingine, CERK1, kinahitajika ili mmea uitambue kitini, malighafi ya kuta za kuvu. Kipokezi kikishika, ndani ya dakika chache kalsiamu huingia kwenye seli, oksijeni yenye ukali humwagwa nje, na jeni za ulinzi huwashwa. Stomata, vile vitundu ambavyo jani hupumulia, hufungwa ndani ya saa moja au mbili. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2006 na kundi la Maeli Melotto na Sheng Yang He. Walionyesha pia jibu la adui: Pseudomonas syringae hutoa sumu iitwayo koronatini, inayoiga homoni ya mmea wenyewe, na milango hufunguka tena. Juu ya ngazi hiyo ya kwanza kuna ngazi ya pili, ambapo mmea hutambua protini za hila ambazo adui huziingiza ndani ya seli. Harold Flor aliigundua kanuni yake miaka ya 1940 akichunguza kutu ya kitani, ugonjwa unaoletwa na kuvu, na mwaka 2006 Jonathan Jones na Jeffery Dangl waliziunganisha ngazi hizo mbili katika mchoro ambao wanafunzi wa magonjwa ya mimea bado wanauchora kwenye mitihani.

Mchoro ule ni mzuri, lakini una mmea mmoja na adui mmoja. Jani halisi lina umati. Na umati huo, wapole kwa wakali, umevaa sare moja: bakteria asiye na madhara ana mkia uleule wa kuogelea, chachu mpole ina glukani na manani, minyororo mirefu ya sukari, pamoja na kitini kidogo ukutani mwake sawa na binamu yake anayeua. Kama mmea ungepiga kengele kila unapokutana na kipande cha ukuta, usingepata hata siku moja ya kukua.

Je, hauwaoni? Unawaona. Kundi la Julia Vorholt huko Zürich liliwapa mimea ya Arabidopsis thaliana, lile gugu dogo la jamii ya haradali linalotumika maabara, aina 39 za bakteria wa majani, aina moja kwa kila kundi la mimea, kisha likapima jeni zilizowashwa. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba mmea huitikia karibu kila mgeni, na kwamba jeni 24 hujitokeza tena na tena katika mwitikio huo. Kinachotofautiana ni kiasi. Wengine huuchokoza mmea kidogo sana, wengine huutikisa. Kwa hiyo kinga ya mmea haikai imelala ikingoja adui. Iko kazini muda wote, kwa sauti ya chini.

Kazi gani? Hapo ndipo majaribio mawili ya miaka ya karibuni yalinibadilishia namna ya kusoma habari hizi zote. La kwanza lilichapishwa mwaka 2020 na kundi la Sheng Yang He. Walichukua Arabidopsis iliyoharibiwa jeni nne kwa pamoja: tatu za vipokezi vya ngazi ya kwanza, FLS2 na CERK1 vikiwemo, na moja inayosaidia kusafirisha vitu ndani ya seli na kuzuia nafasi zilizo kati ya seli za jani zisijae maji. Hawakuipa ugonjwa wowote. Waliiacha na wakazi wake wa kawaida katika hewa yenye unyevu mwingi. Majani yakaanza kugeuka njano na kufa mabaka. Ukiyapasua ndani, bakteria walikuwa wengi kupita kiasi, na uwiano wa makundi yao ulikuwa umevurugika, baadhi yakiwa yamepungua na mengine yametamalaki. Swali la haki lilikuwa kama vurugu hiyo ndiyo sababu ya majani kuumia au ni matokeo yake tu. Wakahamishia jamii ile ya bakteria kwenye mimea mingine iliyooteshwa bila vijidudu, wakailinganisha na jamii iliyotoka kwenye mimea mizima. Jamii iliyovurugika ilileta madhara.

La pili lilitoka Zürich mwaka 2021. Huko walivuruga jeni moja tu, RBOHD, inayohusika na kumwaga ile oksijeni kali. Mimea hiyo nayo ilibadilika wakazi na kudhoofika. Walipofuatilia, lawama iliangukia bakteria wachache wa jenasi Xanthomonas, ambao kwenye mmea wenye RBOHD nzima huishi miongoni mwa wenzao bila kuleta balaa. Wakiondolewa kwenye jamii, mmea usio na RBOHD hurudia hali ya kawaida.

Soma tena matokeo hayo polepole. Bakteria wale wa Xanthomonas hawakubadilika. Hawakupata silaha mpya wala sumu mpya. Kilichobadilika ni mkono uliokuwa ukiwazuia wasizidi. Ugonjwa, kwa namna hiyo ya kutazama, unaweza kuanza bila adui yeyote kuwasili. Mimi naona hili ni jambo kubwa kuliko orodha nzima ya vijidudu rafiki inayotangazwa, kwa sababu linauweka urafiki wenyewe chini ya masharti ya mmea.

Rudi sasa kwenye chachu. Upande wa mashambulizi ya moja kwa moja, ushahidi mzuri kuliko yote niujuao unahusu chachu iitwayo Moesziomyces, ya ukoo wa kuvu wanaoleta fugwe kwenye nafaka, iliyopatikana juu ya majani ya Arabidopsis. Juu ya majani hayohayo huishi Albugo laibachii, kiumbe anayefanana na kuvu kwa sura tu, anayeleta malengelenge meupe. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani, kundi la Gunther Doehlemann na la Eric Kemen, walionyesha kwamba chachu ile hutoa kimeng'enya cha aina ya lisozaimu, na kwamba kimeng'enya hicho kikisafishwa na kuwekwa peke yake hupunguza maambukizi ya Albugo. Chachu iliyoondolewa jeni ya kimeng'enya hicho ilipoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Hapa kitenzi kulinda kimejipatia haki yake. Silaha inajulikana, jeni yake inajulikana, na ukiitoa jeni, ulinzi unapungua.

Sasa linganisha na Aureobasidium pullulans. Huyu ni kuvu anayeishi kama chachu, hupatikana juu ya majani na matunda karibu kila mahali, na aina zake mbili zinauzwa kwa jina Blossom Protect kwa ajili ya maua ya mitufaha na mipea. Adui ni Erwinia amylovora, bakteria anayekausha maua na vichipukizi hadi vionekane vimebabuliwa na moto. Erwinia huongezeka kwanza juu ya stigma ya ua, kisha mvua au umande humteremsha hadi kwenye kikombe chenye nekta, na hapo ndipo hupenya. Chachu inayokalia kikombe kile mapema inamzibia njia. Hayo ndiyo maelezo yaliyozoeleka, na yana mantiki. Lakini watafiti wa Marekani walipopima jeni za maua ya tufaha yaliyonyunyiziwa bidhaa hiyo, walikuta ua lenyewe limewasha jeni za ulinzi, zile zile zinazohusishwa na mwitikio dhidi ya magonjwa. Kumbe sehemu ya kazi hufanywa na ua.

Na kuna upande wa gharama ambao wakulima wanaujua vizuri kuliko waandishi wa matangazo: kwenye baadhi ya aina za matunda, hasa hali ya hewa ikiwa na unyevu, bidhaa hiyo huacha ngozi ya tunda na mabaka ya kahawia yenye kukwaruza. Tunda halijaoza, lakini sokoni linashushwa daraja.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba chachu inaweza kufaa bila kufanya lolote ni bidhaa iitwayo cerevisane, iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2015. Imetengenezwa kwa kuta za seli za Saccharomyces cerevisiae, chachu ile ile ya mkate na bia. Ni kuta tu. Hakuna kilicho hai cha kula chavua, cha kukalia nafasi wala cha kutoa kimeng'enya. Mmea huzitambua kuta na kujiandaa. Adui akija baadaye humkuta mwenyeji ameshaamka.

Tofauti hii inabadilisha karibu kila uamuzi wa shambani. Chachu inayoshinda kwa kula lazima iwe hai, iwe nyingi, iwahi mahali penyewe, na isinyunyiziwe siku moja na kiuakuvu kitakachoiua. Inayoshinda kwa kuligutusha jani inaweza kuwa imekufa na bado ikafaa, lakini lazima itangulie kwa muda wa kutosha jani kujiandaa, na haitafanya kazi sawa kwenye kila aina ya zao, kwa kuwa aina hutofautiana katika vipokezi na ukali wa mwitikio. Ya kwanza haijali sana jeni za mmea. Ya pili inazitegemea kabisa. Mkulima akiambiwa tu kwamba bidhaa ina chachu rafiki, hajaambiwa lolote la kumsaidia kupanga ratiba yake.

Halafu kuna bei inayolipwa na mmea wenyewe. Kinga si bure. Detlef Weigel na wenzake huko Tübingen wamepandanisha koo za Arabidopsis zilizo nzima kabisa na kupata watoto waliodumaa, wenye majani yanayojifia, bila kijidudu chochote cha ugonjwa. Jeni za kinga za baba na za mama, zikikutana ndani ya mmea mmoja, huwasha kengele isiyozimika. Huo ni mfano uliokithiri, nakubali. Hata hivyo unaonyesha mwelekeo: kila ngazi unayoongeza kwenye kinga hutoka kwenye mfuko uleule unaolipia majani mapya na mbegu. Tena njia zenyewe hugombana. Asidi ya salisiliki, homoni ya mmea inayoongoza ulinzi dhidi ya vimelea wanaokula seli zikiwa hai, mara nyingi huidhoofisha njia ya jasmoneti, inayoongoza ulinzi dhidi ya wadudu watafunaji na kuvu wanaoua seli kwanza ndipo wale. Koronatini niliyoitaja juu, ile sumu ya kufungulia stomata, hufanya kazi kwa kutumia ugomvi huohuo: inaiga jasmoneti ili kuishusha salisiliki. Kama bakteria amejifunza kucheza na mizani hiyo, nasi tunaonyunyizia vichocheo vya kinga tungefaa kujua tunaukandamiza upande upi.

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalonifanya nishike kalamu kwa tahadhari kila ninapotaka kuandika chachu nzuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Taphrina deformans huishi juu ya mpichi kama chachu, ikichipua seli moja baada ya nyingine juu ya magome na vikonyo, bila kumsumbua mtu sehemu kubwa ya mwaka. Majira ya kuchipua yakija na baridi na maji ya kutosha, hubadilika kuwa nyuzi, hupenya jani changa, na jani huvimba, hukunjamana na kuiva rangi nyekundu. Chachu ni ileile. Ndugu zake wa jenasi Protomyces nao wana maisha ya namna hiyo, na baadhi yao huvimbisha mimea wanayoiingia. Watafiti wa Helsinki walipokusanya chachu kutoka kwenye Arabidopsis ya porini nchini Finland walikuta Protomyces miongoni mwao. Ukuta wa chachu hizi, kemikali zake zinazofanana na homoni ya ukuaji ya mmea, na namna mmea unavyouitikia uwepo wake ni mambo yaliyo mpakani kabisa mwa ujirani na uvamizi.

Albugo naye ana la kutufundisha kuhusu mpaka huo. Mwaka 2016 kundi la Kemen lilichora mtandao wa nani anahusiana na nani juu ya majani ya Arabidopsis ya porini. Likakuta viumbe wachache wenye uzito kupita wengine, ambao uwepo wao unaendana na mabadiliko ya wengi. Albugo alikuwa mmoja. Mwingine alikuwa chachu, Dioszegia, ambayo sidhani kama kuna bidhaa yoyote inayoitaja. Na Albugo anaposhambulia huishusha kinga ya jani kiasi kwamba hata vimelea ambao jani hilo lingewafukuza hupata makao. Kwa hiyo chachu inayomzuia Albugo inabadilisha pia nani mwingine ataweza kuishi pale, na sehemu ya mabadiliko hayo hupitia ndani ya kinga ya mmea, si nje yake. Njia tatu nilizozitenga mwanzoni hupishana na kukutana. Nimezitenga kwa sababu lazima mtu aanzie mahali.

Ingekuwa juu yangu, jaribio lolote la chachu ya kunyunyizia lingekuwa na fungu la tatu. Kwa kawaida kuna fungu la mimea iliyopewa chachu hai na fungu lililopewa maji. Lile la tatu lipewe chachu ileile iliyouawa, kwa wingi uleule, siku ileile. Iliyouawa ikilinda sawa na iliyo hai, hadithi ya ushindani imeanguka, na mkulima anaweza kupewa bidhaa isiyohitaji jokofu. Isipolinda kabisa, basi uhai ndio unaofanya kazi, na maelezo kwenye kifungashio yaseme hivyo na yaonye kuhusu viuakuvu. Fungu hilo ni rahisi kuliongeza, na hata hivyo ripoti nyingi ninazozisoma halimo.

Halitoi jibu kamili, nalo ni lazima lisemwe. Joto hupasua ukuta wa chachu na kuzifunua glukani ambazo seli hai ilikuwa imezifunika kwa manani, hivyo chachu iliyochemshwa inaweza kuugutusha mmea kuliko ilivyokuwa hai. Anayetaka uhakika atahitaji pia mimea isiyo na vipokezi vinavyohusika, aone kama ulinzi unatoweka. Kwa Arabidopsis mbegu za mimea ya namna hiyo huagizwa kutoka hifadhi za mbegu za utafiti na kuoteshwa kwa wiki chache. Kwa mtufaha, unaongoja miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza, kazi hiyohiyo ni ya muda mrefu na ya fedha nyingi, na ndiyo maana swali la nani analilinda ua bado linajibiwa kwa kupima jeni zilizowashwa na kukisia yaliyobaki.